Kwa nini nyumba ya Majengo haikuwa ghorofa la Kariakoo

Nyumba ya bibi yangu iko Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara ambazo hazikupewa majina bali namba. Mbele ina baraza ya saruji iliyolainishwa na vizazi vinne vya watu wasio na haraka. Ukiingia unakutana na ukumbi mrefu unaonyooka hadi mlango wa nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uwani kuna jiko, choo, bafu na kisima kilichofukiwa zamani. Nilijifunza kuchora ramani kwa kuipima nyumba hiyo, nikiwa na futikamba ya kuazima na daftari la hesabu, na hadi leo, baada ya miaka mingi ya kuwachorea watu nyumba Dar es Salaam, naweza kuichora gizani.

Nyumba hiyohiyo, kwa mpangilio uleule, niliikuta Majengo, Mombasa, kwa shangazi yangu. Niliisikia ikisimuliwa Unguja na ami yangu, ambaye yake ilikuwa Ng'ambo na ilibomolewa mimi sijazaliwa. Niliishi ndani yake Kariakoo, Dar es Salaam, nilipokuwa mwanafunzi, nikipanga chumba cha pili kushoto kwa mzee mmoja aliyekuwa akikusanya kodi kila mwisho wa mwezi bila kuandika popote na bila kumsahau yeyote. Leo ile ya Kariakoo ni ghorofa lenye fremu za biashara chini. Ile ya Ng'ambo imekuwa barabara, na ami alihamia orofani. Ya Majengo bado ni kuta za udongo zilizopakwa lipu, na ya Ngamiani imesimama kama ilivyokuwa.

Watu hueleza tofauti hii kwa tabia za wenyeji. Utaambiwa kwamba watu wa Mombasa wanapenda ukale, Wazanzibari wanasubiri serikali, na watu wa Dar wanauza hata makaburi. Ni mazungumzo mazuri ya barazani, lakini sikubaliani nayo hata kidogo, kwa sababu shangazi na ami yangu walilelewa na mama mmoja. Ninavyoona, kilichowatenganisha ni swali moja la kisheria ambalo kila mji ulilijibu kwa namna yake: nani mwenye ardhi iliyo chini ya nyumba, na anaruhusu nini kisimame juu yake.

Wataalamu huiita nyumba ya Kiswahili. Sisi wenyewe tuliiita nyumba tu. Kuta zake za asili ni miti ya mikoko iliyochimbiwa chini, fito zilizofungwa kwa kamba, na udongo uliochanganywa na vipande vya mawe ukakandikwa katikati. Paa lilikuwa la makuti, baadaye likawa la madebe yaliyonyooshwa, na mwishowe la mabati. Ilisafiri na wafanyabiashara na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, na utaikuta Pumwani mjini Nairobi na hata Buyenzi mjini Bujumbura, mahali ambapo mkoko haujawahi kuota. Ubora wake hauko katika kuta bali katika ule ukumbi. Kwa kuwa kila chumba kina mlango wake unaofungukia ukumbini, mwenye nyumba anaweza kulala chumba kimoja akapangisha vitano, akaongeza kimoja uwani mwaka wa neema, na mjane asiye na mshahara akaishi kwa kodi hadi mwisho wa umri wake. Ni nyumba na ni pensheni kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kila kanuni iliyoigusa haikugusa sura ya mji peke yake, bali iligusa pia sufuria ya mtu.

Nianze na Mombasa, kwa kuwa huko ndiko mambo yalikopindana zaidi. Mji huo ulikuwa ndani ya ukanda wa maili 10 kutoka baharini uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa waliotawala kwa hakika walikuwa Waingereza. Mwaka 1908 ilitungwa sheria iliyomtaka kila anayedai ardhi katika ukanda huo ajitokeze, athibitishe dai lake na apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa njia hiyo ikawa ya Serikali ya Kikoloni. Waliokuwa na mazoea ya karatasi na mahakama walijitokeza, na wengi waliokuwa wakilima au wakiishi tu mahali walipozaliwa hawakujitokeza. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa iliangukia mikononi mwa watu binafsi na wakfu, wenye hati zisizo na ukomo wa miaka.

Bandari na reli zilipoleta watu, wenye ardhi waligawa mashamba yao viwanja na kukodisha ardhi tupu. Aliyekodi alijijengea nyumba, na nyumba ikawa mali yake kamili: angeweza kuiuza, kuirithisha, kuiweka rehani kwa jirani, na kuipangisha chumba kwa chumba. Ardhi ilibaki ya mwenyewe, naye alipokea kodi yake kila mwezi. Wanasheria wa Kenya huliita jambo hili nyumba bila ardhi, na huwaumiza kichwa, kwa sababu sheria waliyoirithi kutoka Uingereza inashikilia kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi, ilhali mila ya pwani, ambayo haigombani na fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, imezoea kutenganisha mnazi na shamba, na nyumba na kiwanja. Bibi yangu hakuwa mwanasheria, lakini jambo hili halikumshangaza hata siku moja. Yeye mwenyewe alikuwa na minazi saba katika shamba la mtu mwingine.

Sasa mtu aliyekodi ardhi kwa namna hiyo atajenga nini? Hana mkataba wa miaka mingi, na mwenye ardhi anaweza kumpa ilani ya kuondoka. Mwenye ardhi naye hataki kuona msingi wa zege, kwa sababu nyumba ya kudumu ni mgeni asiyeaga. Mamlaka ya mji, kwa upande wake, ikiletewa ramani ya nyumba ya kudumu itauliza kwanza hati ya ardhi iko kwa nani. Pande zote tatu zinamsukuma mjenzi mahali pamoja: ajenge kile anachoweza kumudu kukipoteza. Udongo wa Majengo, ambao wageni huuona kuwa umaskini au mapenzi ya asili, mimi nauona kuwa jibu la akili timamu kwa kanuni hizo.

Shangazi alinunua nyumba yake mwaka 1978, na risiti zote za kodi ya ardhi tangu mwaka huo ziko katika mkebe wa biskuti juu ya kabati. Mwenye ardhi wa kwanza alifariki, warithi wakagawana, mmoja akahama nchi, na kwa miaka kadhaa shangazi alilipa bila kujua hasa anamlipa nani. Amezaa na kulea humo, amepangisha vyumba kwa makuli wa bandari na baadaye kwa vijana wa bodaboda, na hajawahi kuondoa ukuta hata mmoja akaweka wa tofali bila kupiga hesabu ya nani atakayeona. Hufanya ukarabati kipande kwa kipande. Lipu ya nje ni ya saruji, safi, yenye rangi; ukigonga kwa kidole unasikia sauti ya udongo.

Ghorofa huota Majengo na mitaa ya jirani, lakini huota moja moja, kama meno ya mtoto. Nilipoanza kuuliza habari za kila moja, jibu lilikuwa karibu lilelile: ardhi na nyumba vilikutana katika mkono mmoja. Ama mwenye ardhi aliwanunulia wenye nyumba paa zao wakaondoka, ama tajiri fulani alinunua ardhi pamoja na watu waliokuwa juu yake kisha akamalizana nao mmoja mmoja. Mahali ambapo mikono hiyo miwili haijakutana, hakuna kinachopanda juu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilihamishia kazi kubwa ya upangaji miji kwa kaunti, na mwaka 2019 ilitungwa sheria mpya ya mipango na matumizi ya ardhi badala ya ile ya 1996. Hizo ni hatua za maana, lakini kaunti ikipewa kalamu ya kuidhinisha ramani haikupewa ardhi ya mtu. Ardhi ya kibinafsi inalindwa na Katiba hiyohiyo. Ilipobidi kweli kuwapa watu ardhi waliyokaa juu yake, kama ilivyotokea Likoni katika shamba la ekari 930 ambalo hati zake zilitolewa kwa wakazi mwaka 2016, Serikali ya Kitaifa ililazimika kwanza kulinunua kutoka kwa mwenyewe. Mtaa mzima wa mjini, wenye warithi mia na bei za mjini, utanunuliwa na nani?

Unguja hadithi ilianza vilevile, na hapo ndipo inapokuwa na faida kwa mtu anayetaka kulinganisha. Ng'ambo iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Jina la Darajani limebaki kuwa ushahidi wa daraja lililokuwapo. Ardhi ya Ng'ambo ilikuwa ya matajiri wa Kiarabu na Kihindi na ya wakfu, na nyumba zilikuwa za wakazi, kama Majengo. Kodi ya ardhi ilipopandishwa katika miaka ya 1920, watu wa Ng'ambo hawakunung'unika barazani tu. Mwaka 1928 waligoma kulipa, na serikali ya kikoloni ikalazimika kuzidhibiti kodi hizo kwa sheria. Nashangaa kwamba tukio hili halisimuliwi zaidi, kwa kuwa ni miongoni mwa migomo ya mwanzo kabisa ya wakazi wa mji katika pwani yetu, na lililogombaniwa lilikuwa kiwanja.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na ardhi yote ikawa ya Serikali. Tajiri wa Ng'ambo alitoweka katika hesabu. Mwenye nyumba ya udongo aliamka siku moja akakuta mwenye ardhi wake amekuwa dola yenyewe, na dola ilikuwa na ramani. Wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki waliandaa mpango wa mji mwaka 1968, na chini ya Rais Abeid Amani Karume barabara pana zilikatwa katikati ya Ng'ambo, zikakutana Michenzani, na kando yake yakainuliwa majumba marefu ya zege ambayo kila mgeni anayetoka Mji Mkongwe huyaona na kuuliza ni ya nini. Yalikusudiwa kuchukua nafasi ya nyumba za udongo na kumtoa mtu wa Ng'ambo katika vumbi. Mengine kama hayo, madogo zaidi, yalijengwa hadi mashambani, Makunduchi na Pemba.

Ami alipewa fleti humo baada ya nyumba yake kubomolewa. Hakuwahi kuisema vibaya. Alisifu maji ya bomba, choo cha ndani, na upepo wa ghorofa ya nne. Lakini kila nilipomtembelea alikuwa chini, amekaa karibu na ngazi na wenzake, kwa sababu ile fleti haikuwa na baraza. Haikuwa na ukumbi pia, kwa maana ile ya chumba kimoja kujitegemea na kingine, na kwa hiyo hakuweza kupangisha. Aliyeichora aliwaza familia moja yenye mshahara mmoja, mlango mmoja na meza moja ya chakula. Ami alikuwa mshona kofia, na Ng'ambo alikuwa mwenye nyumba mwenye wapangaji wanne. Michenzani akawa mkazi. Tofauti hiyo haionekani katika picha yoyote ya majengo hayo, nami kama mchoraji naikumbuka kila ninapoletewa kazi ya kubadilisha nyumba ya zamani.

Baada ya Karume kuuawa Aprili 1972 kasi ilipungua, na nyuma ya majumba yale marefu Ng'ambo ya zamani bado ipo, yenye vichochoro na baraza zake. Ukitoka Forodhani kwa miguu, ukavuka Darajani hadi Michenzani, hutembei hata nusu saa, na umepita katika tawala tatu za ujenzi. Katika Mji Mkongwe kanuni ni kutobadili: mamlaka ya hifadhi iliundwa mwaka 1985, UNESCO ikauandika mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000, na leo dirisha, mlango au kimo cha nyumba si hiari ya mwenyewe. Michenzani kanuni ilikuwa kubadili kila kitu. Nyuma ya Michenzani kanuni ilisahau kufika. Sina ugomvi na hifadhi, ila kanuni inayokataza kubomoa hailipii chokaa. Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Basi tafakari hali ya nyumba ya kawaida yenye familia tano na paa linalovuja.

Kuna jambo jingine la Unguja ambalo lilinichukua muda kulielewa. Baada ya Mapinduzi, wakulima walipewa ardhi eka tatu tatu kwa ajili ya kulima. Zile zilizokuwa karibu na mji zimekatwakatwa kwa miaka mingi na kuuzwa viwanja, mbele ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na mashahidi, ingawa zilitolewa kwa kilimo. Nenda Fuoni au Mwanakwerekwe uone. Wanunuzi hao hawana karatasi nzito kuliko ya shangazi yangu, pengine wana nyepesi zaidi, lakini wamejenga kwa tofali za saruji, misingi ya mawe na lenta za zege. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu huko hakuna mwenye ardhi binafsi anayeutazama ukuta kwa jicho la wivu. Aliye juu ni Serikali, na mbele ya Serikali ukuta imara ni ushahidi, kwani kadiri nyumba inavyokuwa ya kudumu ndivyo inavyokuwa vigumu kukuambia hukuwepo. Majengo ukuta imara huita shari, na Fuoni ukuta imara huita hati. Umbali kati yao ni safari fupi ya ndege.

Wasomaji wa nje ya Tanzania husahau kwamba ardhi si jambo la Muungano, na ndiyo maana Dar es Salaam na Unguja, zenye bendera moja, hazina kanuni moja. Upande wa Bara, mwenye ardhi mkuu amekuwa Serikali tangu siku za mwanzo. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, wakitaka nyumba za kizungu mbele, karibu na bahari, na nyingine nyuma. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza serikali hiyo ilinunua shamba kubwa la mlowezi magharibi mwa mji kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Vita vikaja, Waingereza wakaweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza likapindwa na ndimi zetu likawa Kariakoo. Mwaka 1924 mji ukagawanywa rasmi kanda tatu: ya kwanza nyumba za aina ya kizungu, ya pili nyumba za makazi na biashara, ya tatu nyumba za wenyeji. Kanuni ilizungumzia majengo na si rangi ya mtu. Kila mmoja alijua inamzungumzia nani.

Kanuni ile ilikuwa ya kibaguzi, nami sioni sababu ya kuipamba. Hata hivyo iliacha nyuma kitu ambacho Majengo haikukipata: viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, vyenye namba, ambavyo mkazi alilipia kodi ya kiwanja kwa serikali na si kwa jirani tajiri. Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilijenga upya nyumba kadhaa za udongo kwa tofali, Magomeni na kwingineko, likiuacha ukumbi palepale katikati. Umiliki wa kudumu usio na ukomo ulifutwa mwaka 1963, na ardhi yote ikawa ya umma, mtu akiwa na haki ya kuitumia kwa miaka iliyotajwa. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, ghorofa za Uhindini ziliondoka mikononi mwa wenyewe, lakini nyumba ya vyumba sita ya Kariakoo ilikuwa duni mno kuonekana. Ilipita chini ya wavu. Kwa hiyo biashara ilipofunguliwa miaka ya themanini na kuendelea, na mipango ya mji ikaruhusu maghorofa katika viwanja hivyo, aliyekuwa na kitu cha kuuza alikuwa mwenye nyumba ya udongo mwenyewe. Alikuwa na ardhi na nyumba katika mkono mmoja.

Mzee aliyenipangisha chumba cha pili kushoto aliuza. Wengine waliingia ubia: wewe una kiwanja, mimi nina fedha, jengo likiisha utachukua orofa moja na fremu mbili. Nimechora baadhi ya majengo hayo, na nikiri kwamba mengi si mazuri. Kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya nyumba ya chini yenye uwani kimebeba orofa nane zinazogusana na jirani, madirisha yanatazama ukuta, na bomba la majitaka liliwekwa kwa ajili ya mji mwingine. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jingine liliporomoka Kariakoo penyewe, likiwa na wafanyabiashara ndani, na likaua watu zaidi ya 20. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo imesaidia kuandika nani ana orofa gani. Nani atatengeneza msingi wa wote ni jambo ambalo wabia wengi hawalizungumzi siku ya kutia saini.

Hayo ni ya katikati ya mji. Pembezoni mwa Dar kanuni inayotawala ni ya ukubwa wa kiwanja, nayo nitaipitia haraka kwa kuwa inajulikana. Viwango vya miaka ya 1990 viliweka kiwanja kidogo kabisa kuwa mita za mraba 400, na hapo ndipo madalali walipopatia wimbo wao wa "ishirini kwa ishirini". Mwenye fedha za nusu alinunua nusu, kumi kwa ishirini, nje ya upimaji, na nusu hizo zikawa mitaa. Baadaye kiwango kikashushwa, lakini mitaa ilikwishajaa. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza na Kijitonyama zilipimwa kwanza ndipo watu wakajijengea, wakati Manzese iliyokwishajengwa iliongezewa barabara na maji. Tembea leo katika mitaa hiyo, ambayo ni jirani kabisa, na utaona mstari wa mpima wa miaka 50 iliyopita ukiwa bado unaonekana katika ukubwa wa nyumba na katika swali la kama gari la zimamoto lingeweza kupita.

Nirudi Tanga, kwa sababu Tanga inaiharibu hoja yangu kidogo, na sipendi kuificha. Ngamiani iko chini ya sheria ileile ya Kariakoo, ina viwanja vilivyonyooka vilevile na wenye nyumba wenye haki zilezile, na bado haina maghorofa ya kuhesabika. Mkonge ulianguka bei, viwanda vikafungwa, vijana wakaondoka, mimi nikiwa mmoja wao. Kanuni inaweza kufungua mlango, lakini haimleti mgeni. Sasa bomba la mafuta ghafi linakuja kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, upande wa pili wa ghuba, na madalali wameanza kupita barabara kwa barabara wakiulizia. Iddi iliyopita mmoja wao alikaa barazani kwa bibi karibu saa nzima. Bibi alimpa kahawa, akamwuliza ukoo wake wote, na hakumjibu lolote kuhusu bei. Lakini uamuzi ni wake, na jina lililo katika karatasi ni lake, na hilo ndilo shangazi yangu hana.

Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Mombasa. Ukuta wa nyuma wa Majengo umeanza kuinama, nao wanataka ramani. Nilikwenda, nikaipima nyumba ile ambayo tayari naijua, nikachora michoro miwili. Wa kwanza ulikuwa wa nyumba mpya ya tofali, yenye msingi wa mawe, nguzo, ukumbi mpana zaidi na ngazi ya kupanda siku za mbele. Huo hauwezi kupelekwa popote bila barua ya mwenye ardhi, na warithi watatu kati ya watano hawapokei simu. Wa pili ulikuwa karatasi moja tu: miti mipya kumi na minane, fito, udongo, na nje lipu ya saruji inayofanana na ile ya zamani. Shangazi aliitazama yote miwili kwa muda mrefu kwa miwani yake ya kusomea. Akanirudishia ule wa kwanza, akaniambia niutunze vizuri, kisha akamwita fundi aje ahesabu miti.